Kabla hujapiga Windows upya: unajua programu zako zinaweka kazi zako wapi?

Fundi_Buguruni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kuna swali linajirudia sana humu jukwaani: "Nimepiga Windows upya, D yangu iko salama, ila data za programu sizioni. Nazirudishaje?" Jibu la wengi huwa lile lile, kwamba ungefanya bekapu. Mimi ni fundi, kazi hii ndiyo inayonilisha, na nasema wazi kwamba tunamlaumu asiyehusika. Yule mtu alifanya alichofundishwa. Aliyemwangusha ni aliyetengeneza programu bila kumwambia data inakaa wapi.

Mafundi wa mjini tunawafundisha wateja kanuni moja: C ya Windows, D ya kwako. Windows ikiharibika tunaifuta C, tunaweka mpya, D haiguswi. Ni kanuni nzuri, hasa kwa hizi laptopu za mtumba ambazo C ni SSD ya GB 128 na D ni diski ya zamani yenye nafasi kubwa. Mteja anaifuata kwa uaminifu. Picha D, barua D, hata programu yenyewe wakati wa kuisakinisha anachagua D. Anaona amemaliza. Kumbe kuchagua D pale kumehamisha programu tu. Kazi anazofanya ndani yake zinaandikwa C:\Users\jina lake\AppData, folda ambayo Windows inaificha tangu siku ya kwanza. Hajawahi kuiona na hakuna mahali programu ilipomtajia.

Niwape kisa cha duka moja la vifaa vya ujenzi. Programu yao ya mahesabu ni ya zamani, jina silitaji. Kijana wa duka alikuwa makini kweli: kila Jumamosi jioni anaingia Program Files, anakopi faili la data, analiweka kwenye flashi, flashi inafungiwa droo. Diski ilipokufa nikaletewa ile flashi. Faili lipo, jina ni sahihi, ila ndani hakuna hata ankara moja.

Kilichotokea ni hiki. Kuanzia Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa ya msimamizi. Programu nyingi za enzi za XP zilikuwa zinaandika humo humo bila wasiwasi. Microsoft hawakutaka zife zote kwa mkupuo, wakaweka mchepuko: programu ya namna hiyo ikijaribu kuandika Program Files, Windows inayapokea maandishi na kuyapeleka C:\Users\jina\AppData\Local\VirtualStore. Programu yenyewe haina habari. Ikitaka kusoma inasomewa kutoka kule kule, kwa hiyo kwenye kioo kila kitu kiko sawa. Lakini wewe ukiingia Program Files kwa mkono wako unakuta faili tupu lililokuja na programu siku ya kuisakinisha. Hilo ndilo kijana alikuwa analikopi wiki baada ya wiki.

Na VirtualStore kila akaunti ya Windows ina ya kwake. Mhasibu akiingia kwa akaunti yake na bosi akaingia kwa yake, kompyuta ile ile, programu ile ile, kila mmoja anaona vitabu tofauti. Mauzo ya asubuhi hayaonekani jioni. Watu wazima wanaanza kushukiana wizi kwa sababu ya folda.

Sasa hoja yangu. Diski ni ya aliyeinunua. Programu ni mgeni pale, na mgeni hachukui vyombo vya mwenyeji akavificha darini. Sidai mambo makubwa. Nataka ndani ya setingi pawe na mstari mmoja unaosema data zako ziko hapa, njia nzima iandikwe kuanzia herufi ya diski, na pembeni pawe na kitufe cha kubadilisha.

Nataka pia wasichanganye mizigo. Kuna kazi ya mtu: ankara, mchoro, wimbo, barua. Kuna setingi. Halafu kuna keshi, mafaili ya muda ambayo programu inaweza kuyatengeneza tena yenyewe. Keshi ndiyo inayojaza hizi SSD ndogo, na ukiifuta hakuna anayeumia. Lakini ikiwekwa folda moja na kazi ya mtu, hakuna fundi mwenye akili atakayethubutu kuigusa, na C inabaki nyekundu, yaani imejaa.

Wapo wanaofanya vizuri. Firefox, andika about:profiles pale juu, inakuonyesha folda zako na kitufe cha kuzifungua. Chrome, andika chrome://version utaona Profile Path. LibreOffice ina ukurasa mzima wa Paths ndani ya Options. Zotero, ile ya wanafunzi wa vyuo ya kutunza marejeo, inakuruhusu kuhamisha folda ya data ndani ya setingi. Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu zako, ndiyo inanifurahisha zaidi: swali lake la kwanza kabisa ni unataka maandishi yako yakae folda gani, na humo yanabaki mafaili ya kawaida unayoweza kuyafungua hata kwa Notepad.

Halafu kuna hili la mtandaoni, ambalo ni tatizo lile lile limevaa nguo nyingine. Kwenye Windows 11, bekapu ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikiwashwa, Desktop, Documents na Pictures zinahamia ndani ya folda ya OneDrive. Nafasi ya bure ni GB 5. Agosti 2025 Microsoft wakatangaza kwamba Word ya Windows itaanza kuhifadhi nyaraka mpya mtandaoni moja kwa moja, wakianza na wanaojaribu matoleo ya mapema. Njia ya kurudisha kwenye kompyuta ipo, ndani ya Options sehemu ya Save. Ila angalia nani anabebeshwa kazi ya kuitafuta. Mtu anayeishi kwa bando la siku ndiye anatakiwa agundue mwenyewe kwamba barua yake imeondoka.

Nataka hasa kuwasikia wanaotengeneza programu. Kwa nini hamtuulizi?

---

Steshenari_Mabibo

Asante kaka kwa uzi. Mimi nina swali la kawaida tu. Kompyuta ya dukani wanakaa vijana wawili kwa zamu na kila mtu anasevu Documents. Nitajuaje hiyo Documents iko C, iko D au iko huko mtandaoni?

---

Fundi_Buguruni

Dada, fungua File Explorer, bofya kulia juu ya Documents, chagua Properties, nenda kwenye kichupo cha Location. Njia inayoonekana pale ndiyo kweli yenyewe. Ukiona neno OneDrive katikati ya njia, basi iko ndani ya folda inayopelekwa mtandaoni. Ukiona C:\Users\jina\Documents iko C kawaida.

Kuihamishia D: tengeneza folda D, iite Nyaraka, rudi pale pale Location, bonyeza Move, ichague, kubali kuhamisha mafaili yote. Kama bekapu ya OneDrive imewashwa, anza kuizima ndani ya setingi za OneDrive, kisha hakikisha mafaili yamerudi Documents ya kawaida na hayajabaki kule ndani. Na kama vijana wana akaunti mbili tofauti, fanya kwa kila akaunti.

---

MsimboHai

Mkuu Fundi, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe nusu nzima. Mimi natengeneza programu za maduka na zahanati, kwa hiyo umeniita.

Umeuliza kwa nini hatuulizi. Tuliwahi kuuliza. Wakati wa kusakinisha unaweka ukurasa "Chagua folda ya data". Mtu mmoja anachagua flashi kwa sababu ndiyo iliyokuwa imechomekwa. Mwingine anachagua Desktop, wiki ijayo anafanya usafi wa Desktop. Mwingine anachagua folda iliyoshirikishwa kwenye mtandao wa ofisi ili kompyuta tatu zitumie data moja, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Programu nyingi ndogo, yangu ikiwemo, zinatumia SQLite. Hifadhidata nzima ni faili moja, na usalama wake unategemea kufuli za mfumo wa mafaili: mmoja akiandika, wengine wasubiri. Kwenye folda za mtandao kufuli hizo mara nyingi hazitegemeki, na waliotengeneza SQLite wenyewe wanatahadharisha hivyo. Wawili wakiandika kwa pamoja, faili linaharibika. Kuna njia ya kuandika inayoitwa WAL, ambayo inaweka mabadiliko mapya kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa -wal kabla ya kuyaingiza kwenye faili kuu. Hiyo kwenye folda ya mtandao haifanyi kazi kabisa. Na mtu akikopi faili kuu peke yake wakati programu iko wazi, mauzo ya mwisho yanaweza kubaki kwenye -wal na asijue.

Sasa weka faili kama hilo ndani ya folda inayosawazishwa na huduma ya mtandaoni. Programu inaandika, huduma inapakia katikati ya maandishi. Zotero umeisifia, na ni kweli unaweza kuihamisha data yake, lakini wao wenyewe wanaonya usiiweke ndani ya folda za namna hiyo.

Kwa hiyo AppData si maficho ya wizi. Ni mahali pekee ambapo nina uhakika diski ipo, ruhusa ya kuandika ipo, na mtumiaji hatapafuta kwa bahati mbaya. Hata folda ya Roaming iliyo ndani yake ina historia: ilikusudiwa ofisi kubwa ambazo mfanyakazi anaingia kompyuta yoyote na setingi zake zinamfuata. Local ni kwa vitu vya kompyuta hiyo tu.

Pale unaposema kuchanganya mizigo, hapo umepiga penyewe. Wengi siku hizi tunatengeneza kwa Electron, zana inayoendesha programu ndani ya kivinjari chake yenyewe, na Electron usipoielekeza inaweka data na keshi ya kivinjari chake pamoja ndani ya Roaming. Kuitenganisha ni mistari michache ya msimbo. Hatuiandiki kwa sababu hakuna anayelalamika, wenye kompyuta hawajui hata kwamba ipo.

---

Fundi_Buguruni

Mkuu MsimboHai, umeandika vizuri na nimejifunza hilo la -wal, nitaanza kuliangalia kwenye meza yangu.

Ila soma tena nilichodai. Sijaomba swali wakati wa kusakinisha. Pale mtu hajui chochote, anabonyeza Next tu mpaka mwisho. Weka mahali pazuri unapopajua wewe, sawa. Nachotaka ni nitajiwe mahali hapo baadaye, na niweze kuhama nikiwa na sababu. Mtu akichagua flashi, programu inaweza kutambua kwamba hiyo ni diski ya kuchomoa na kumwonya. Akichagua folda ya mtandao, mkatalie na umweleze kwa nini, kama ulivyotueleza sisi hapa. Hayo maelezo yako matano mazuri umeyaweka jukwaani, kwenye programu hayapo.

---

Mwl_Tehama

Wakuu, nichangie upande wa shule. Maabara yetu ina kompyuta zinazotumiwa na madarasa yote, tumeweka Deep Freeze. Wasioijua: C inagandishwa, kila ukiwasha upya inarudi ilivyokuwa, virusi na uchafu wote unaondoka. D tunaiacha bila kugandishwa ili wanafunzi watunze kazi.

Mfumo huu unaokoa maabara, lakini unategemea programu ikubali kuandika D. Tulikuwa na programu ya kujifunza kuchapa inayotunza hatua za kila mwanafunzi. Haina chaguo la folda, inaandika AppData tu. Mtoto anafika somo la sita, kompyuta inazimwa, kesho anarudi somo la kwanza. Kwa mtoto ambaye hana kompyuta nyumbani na anapata kipindi kimoja kwa wiki, huo ni uonevu.

Tuliyeyusha C, tukahamisha ile folda kwenda D na kuacha kiungo mahali pake, kisha tukagandisha tena. Ikakubali. Lakini hiyo ni kazi ya mwalimu anayejua amri za cmd. Shule ya jirani wameiondoa programu kabisa.

---

Njia_Panda254

Wadau, hicho kiungo mwalimu amesema ndicho nilikuwa natafuta. Niko na SSD ya GB 128 na nataka bekapu za iPhone ziende D. iTunes haina mahali pa kubadilisha folda. Nifanye aje?

---

Fundi_Buguruni

Ndugu yangu wa Kenya, karibu. Ni kweli haina, na njia inayotumika ni hiyo ya kiungo, kwa Windows inaitwa junction.

Funga iTunes kabisa. Nenda C:\Users\jina\AppData\Roaming\Apple Computer\MobileSync, humo kuna folda Backup. Kama uliichukua iTunes kutoka Microsoft Store, itafute C:\Users\jina\Apple\MobileSync. Ikate uibandike D, tuseme D:\BekapuSimu, kwa hiyo sasa iko D:\BekapuSimu\Backup. Hakikisha kule C haipo tena. Fungua Command Prompt uandike, kwa mstari mmoja:

mklink /J "C:\Users\jina\AppData\Roaming\Apple Computer\MobileSync\Backup" "D:\BekapuSimu\Backup"

Iwe Command Prompt, maana kwenye PowerShell mklink peke yake haitambuliki. Alama za kunukuu usiziache, kuna nafasi kwenye jina la Apple Computer. Kuanzia hapo iTunes inaandika ikidhani iko C, mafaili yanaangukia D.

Tahadhari: junction ni kwa diski zilizo ndani ya kompyuta au zilizochomekwa hapo hapo, haielekezi kwenye folda ya mtandao. Diski ya nje ikibadilika herufi, kiungo kinaelekea hewani. Ingia Disk Management uipe herufi ya mbali kama R ibaki hiyo hiyo. Na tafadhali, usishawishike kuhamisha C:\Users nzima au ProgramData kwa mbinu hii. Microsoft hawaiungi mkono, na siku ya kupandisha toleo la Windows utakwama.

---

Simu_Ndiyo_Kompyuta

Mnazungumzia kompyuta, wengine simu ndiyo kila kitu. Huku mtumiaji amekuwa akipokonywa nafasi hatua kwa hatua. Mwaka 2010 Android 2.2 ilituruhusu kuhamishia programu kwenye memori kadi. Mwaka 2013 ikaja 4.4, programu zikazuiwa kuandika kwenye kadi nje ya folda zao wenyewe. Watu wenye picha na miziki kwenye kadi wakajikuta hawawezi hata kufuta faili kwa programu ya mafaili waliyoizoea. Mwaka 2014 toleo la 5 likarudisha kidogo, mtumiaji anaweza kuichagua folda na kuipa programu ruhusa. Mwaka 2015 toleo la 6 likaleta kuifanya kadi iwe sehemu ya simu, lakini kadi hiyo inafungwa kwa siri ya simu ile. Simu ikifa, kadi ukiichomeka kwingine haisomeki.

Halafu Android 10 na 11, mwaka 2019 na 2020, kila programu ikawekewa uzio wake. WhatsApp ilikuwa na folda yake waziwazi kwenye mzizi wa hifadhi, mwaka 2021 ikahamia Android/media/com.whatsapp. Kwa anayejua ni sawa. Kwa mama yangu aliyezoea kuifungua folda ile na kukopi picha za wajukuu kwenda kwenye kadi, ilikuwa imepotea.

Simu yenye GB 32, ambayo nyingi zimeshachukuliwa na mfumo wenyewe, na kadi ya GB 64 imekaa tupu. Huu ni uamuzi wa watu wasiojua tunavyoishi.

---

MsimboHai

Kwa upande wa simu naomba uwasikie na wao. Kabla ya uzio huo, programu yoyote uliyoipa ruhusa ya hifadhi ilikuwa inaona karibu kila kitu kwenye hifadhi ya pamoja: picha zako, nyaraka za kazi, mafaili ambayo programu nyingine zimeacha pale. Programu ya tochi ikiomba ruhusa hiyo ukakubali, basi. Uzio ulihitajika.

Kasoro yao ni kwamba walifunga mlango bila kumpa mwenye nyumba ufunguo ulio rahisi. Njia ya kuchagua folda ipo tangu hiyo 2014, mtengenezaji anaweza kumwomba mtumiaji achague folda popote, hata kwenye kadi, na ruhusa ikadumu. Wachache tunaitumia kwa sababu ni ya usumbufu kuiandika na ni ya polepole kwenye folda zenye mafaili mengi.

La kukumbuka kila mtu: folda ya Android/data ni ya programu husika. Ukiiondoa programu, kwa kawaida vinaondoka na vilivyomo. Kama programu ya kurekodi sauti inaweka rekodi humo, zitoe kwanza kabla hujaiondoa.

---

Dada_Terminali

Kaka zangu, suala hili huku Linux lina maandishi yake tangu 2003. Linaitwa XDG Base Directory, na linasema kile ambacho Fundi amekisema kwa maneno ya gereji: setingi ziende ~/.config (hiyo ~ ni home, folda yako binafsi), data ziende ~/.local/share, keshi iende ~/.cache. Mwaka 2021 wakaongeza ~/.local/state kwa vitu kama historia na kumbukumbu za programu. Uzuri wake ni kwamba kila moja ina kigezo unachoweza kukibadilisha. Andika XDG_CACHE_HOME ielekee diski nyingine, na kila programu inayotii inahama bila kuigusa. Mtumiaji anaamua mara moja tu, programu zote zinafuata.

Msidhani lakini kwamba tumefika. Zipo nyingi zisizotii, zinaachia folda zenye nukta moja kwa moja ndani ya home. Hata hilo la nukta kuficha faili halikupangwa na mtu. Rob Pike, mmoja wa watu wa Unix ya Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba lilitokana na njia ya mkato: waliandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, iruke "." na ".." (alama za folda uliyomo na ya juu yake), msimbo ukawa unaangalia herufi ya kwanza tu, basi kila jina linaloanza na nukta likafichika. Watengenezaji wakaona hapo ni pazuri pa kutupia vitu.

Firefox iliyosifiwa pale juu, ombi la kuifanya ifuate XDG kwenye Linux lilifunguliwa 2004 na likakaa wazi zaidi ya miaka 20. Snap, mfumo wa Ubuntu wa kusakinisha programu, inaweka folda inayoitwa snap ndani ya home, bila hata nukta, na watu wameomba iondolewe pale tangu 2016. Ukisoma yale maombi unaona jibu ni moja: kuhama kutavunja vitu kwa waliopo. Ndiyo maana nasema uamuzi wa folda ufanywe siku ya kwanza ya kuandika programu. Ukikosea mwanzo, watumiaji wako wanalipa miaka yote.

Nawapenda Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, kwa kulitatua lao. Zamani mradi wao ulikuwa faili la .aup pamoja na folda ya _data yenye sauti zenyewe. Watu walikuwa wanalikopi lile faili, wanaiacha folda, wanafika studio na mradi mtupu. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 likaweka kila kitu ndani ya faili moja la .aup3.

---

Mtangazaji_Mikindani

Hilo la .aup namfahamu mtu limemliza. Kipindi cha mahojiano ya wazee.

---

Wakili_Mtaani

Naongeza la sheria kwa ufupi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Dada wa steshenari anaskani vitambulisho na vyeti vya watu kutwa nzima. Kama folda yake inapelekwa mtandaoni bila yeye kujua, bado ni yeye anayeshika taarifa za wateja. Hawezi kutimiza wajibu juu ya faili ambalo hajui liko wapi.

---

Steshenari_Mabibo

Nimeangalia Location kwa akaunti zote mbili. Ya kwangu iko C, ya kijana wa jioni ina OneDrive katikati. Vitambulisho vya watu viko humo. Naanza na yake leo hii, na nitaweka utaratibu skani zifutwe mteja akishachukua kazi yake.

---

Njia_Panda254

Junction imekubali. C ilikuwa nyekundu, sasa kuna nafasi. Shukrani Fundi.

---

MsimboHai

Nimeusoma uzi wote tena. Naiongezea programu yangu ukurasa wa "Data zako ziko wapi". Mpango wangu: inaonyesha njia nzima, kitufe cha kufungua folda, kitufe cha kuhamisha. Ukibonyeza kuhamisha inafunga hifadhidata kwanza ili -wal iingie kwenye faili kuu, inakopi kwenda mahali papya, inalinganisha nakala na ya awali, ikiridhika ndipo inabadilisha anwani. Ya zamani haifuti, inaipa jina lenye tarehe na kumwacha mwenyewe aifute. Folda ya mtandao inakataliwa na maelezo yanatolewa kwa Kiswahili. Keshi inaenda Local peke yake.

Mkuu Fundi, wewe unakutana na maiti nyingi mezani. Nimesahau nini?

---

Fundi_Buguruni

Hapo umenifurahisha. Ongeza hili: siku folda isipopatikana, labda diski imechomolewa au herufi imebadilika, programu yako isitengeneze hifadhidata mpya tupu ikafunguka kama hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalowaua watu. Anafungua anakuta tupu, anadhani data zimekufa, anaanza kuingiza mauzo upya, na baada ya wiki ana vitabu viwili visivyoungana. Isimame, itaje inatafuta njia gani, impe nafasi ya kuelekeza folda ilipo.

Na hiyo njia iandikwe pia kwenye karatasi ya kwanza ya ripoti inayochapishwa, chini kabisa kwa herufi ndogo. Kompyuta ikifa, karatasi inabaki, na mimi najua pa kuchimba.

---

MsimboHai

La kusimama nilikuwa sina, naliandika leo. La karatasi sikuliwaza kabisa, ni mstari mmoja tu, linaingia. Toleo la majaribio nitakutumia inboksi likiwa tayari.

---

Fundi_Buguruni

Litume. Nitaliwekea diski ya nje, nianzishe kuhamisha, niichomoe katikati, tuone linasema nini.